Bima ya Chombo cha Kukodi: Uliza Kabla ya Kupanda

Leo tunazungumza na wewe msikilizaji wa Kibakwe mwenye ulemavu wa miguu, au mzee wako, mnaojiandaa kwenda Mpwapwa au Dodoma mjini na kukodi bajaji ya kujiendeshea. Je, ukate bima ya ziada?

Kwanza tuelewane. Kwa sheria ya Tanzania, chombo cha moto cha barabarani lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hii hulipia madhara utakayowasababishia wengine. Haitengenezi bajaji uliyokodi, wala haikilipii chombo kikiibwa. Kazi hiyo ni ya bima ya ziada, yaani bima kubwa.

Basi, kabla ya kutoa pesa, muulize mwenye chombo maswali matatu. Bima ipo na haijaisha? Hakiki kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Inamhusu dereva aliyekodi? Chombo kikiharibika, nani analipa? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na mpige picha za chombo pamoja.

Kisha pima mfuko wako. Kama hasara ingekulazimu kuuza ng'ombe au shamba la karanga, kata bima. Kama ni ya taa au kioo tu, weka akiba.

Ndugu yangu, chombo hicho ndicho miguu yako safarini. Usiache usalama wake kwa maneno matupu. Safari njema!