Usafiri wa Walemavu: Nani Aulizwe?



Watu wengi wanapomtaja mlemavu humfikiria mtu wa kubebwa. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, magharibi ya Rwanda, fikira hiyo ina kasoro kubwa. Kabla ya mwezi Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa wapita njia kwa sababu ya maradhi ya korona, yeyote aliyesimama kwenye kizuizi kidogo kati ya Gisenyi na Goma, kile kiitwacho Petite Barrière, aliona jambo la kumfikirisha. Makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa siku moja, wengi wao wakiwa akina mama wenye mizigo kichwani. Na katikati ya msongamano huo walipita watu waliopooza miguu, wameketi juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, nazo zimesheheni magunia ya vyakula na bidhaa, huku vijana wenye miguu mizima wakizisukuma kwa ujira. Pale mpakani mlemavu alikuwa mchukuzi, tena alikuwa mwajiri.

Lakini mtu huyo huyo, aliyeweza kuhamisha magunia kutoka nchi moja hadi nyingine, huenda akashindwa kusafiri kutoka nyumbani kwake hadi hospitali ya mji wake mwenyewe. Na achukuliwe kwa mfano mama mmoja wa kata ya Nengo, moja ya kata za tarafa ya Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Mama huyu hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Anapotoka kwake hukuta mfereji wa maji ya mvua ambao wenzake huuruka kwa hatua moja. Akiuvuka kwa kusaidiwa, hufika kituoni akakuta basi ambalo ngazi zake ni nyembamba na ndefu. Kondakta naye ana haraka. Baiskeli ya mama huhesabiwa kuwa mzigo, na msindikizaji wake huhesabiwa kuwa abiria wa pili. Safari ambayo jirani yake huilipia nauli moja, yeye huilipia mbili au tatu. Na asipokuwa nazo, hubaki nyumbani. Pikipiki ya abiria, ambayo ni mkombozi wa wengi, haiwezi kumchukua yeye pamoja na baiskeli yake.

Je, jambo hili latokana na ukosefu wa sheria? La hasha. Rwanda ilitoa Sheria namba 01/2007 ya tarehe 20 Januari 2007 ya kuwalinda walemavu, na sheria hiyo haikusahau usafiri, wala majengo yanayotoa huduma kwa umma. Mwaka 2008 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazitaka serikali kuhakikisha kwamba mlemavu anafikia barabara, majengo na vyombo vya usafiri sawasawa na watu wengine. Mwaka 2011 iliwekwa sheria ya Baraza la Taifa la Walemavu, lenye kamati zake mpaka wilayani na tarafani. Hata Bungeni, katika viti 80 vya Baraza la Wawakilishi, kimoja kimetengwa kwa ajili ya mwakilishi wa walemavu. Kwa hiyo sheria ipo, na mahali pa kusemea papo.

Kinachopungua ni mtu wa kuulizwa. Leseni za mabasi na viwango vya nauli viko mikononi mwa mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma, yaani RURA. Usalama barabarani ni kazi ya Polisi ya Taifa, iliyoundwa mwaka 2000. Basi lenyewe ni mali ya kampuni au chama cha ushirika. Barabara za mitaa, mifereji na vituo ni mambo ya wilaya. Na ndani ya wilaya yenyewe, meya ana wasaidizi wawili: mmoja wa maendeleo ya uchumi, mwingine wa mambo ya jamii. Barabara huhesabiwa kuwa jambo la uchumi. Mlemavu huhesabiwa kuwa jambo la jamii. Hivyo mama wa Nengo, akiwa juu ya baiskeli yake kando ya barabara, anaangukia katikati ya meza mbili. Kila mkubwa aweza kusema kweli tupu kwamba sehemu yake ameitimiza, na mama bado hajafika hospitali.

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo kina manahodha wengi, na kila mmoja anadhani usukani umeshikwa na mwenzake.

Nchi jirani nazo zina funzo la kutoa. Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha ili yawafae walemavu, na ikataja muda wa miaka 2 kwa kazi hiyo. Miaka 2 ilipita, na mingine mingi ikafuata, na abiria wa matatu waliendelea kupanda kwa ngazi ile ile na mlango ule ule mwembamba. Agizo lilikuwa wazi, lakini mkaguzi wa agizo hakuonekana kwenye stendi.

Jijini Dar es Salaam njia nyingine ilitumika. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, vituo vyake vilijengwa vikiwa na sakafu iliyo sawa na sakafu ya basi, hata kiti cha magurudumu kiweze kuingia bila kunyanyuliwa. Hapana shaka hiyo ni hatua kubwa, na inathibitisha kwamba jambo lawezekana katika nchi zetu. Hata hivyo kituo kizuri humsaidia yule tu aliyekwisha kukifikia. Mtu anayetoka uchochoroni, penye mchanga na mtaro usiofunikwa, hana faida na sakafu iliyo sawa ikiwa hawezi kuufikia mlango wa kituo. Ndiyo maana kazi ya serikali kuu haiwezi kukamilika bila jicho la serikali ya mtaa. Kutoka makao makuu yaonekana barabara kuu. Mfereji wa Nengo huonekana kutoka Nengo.

Jicho hilo ni la Baraza la Wilaya. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, na ndilo lenye haki ya kuwauliza watendaji. Usimamizi si kusubiri taarifa isomwe na kupigiwa makofi. Usimamizi ni kuuliza: katika vituo vya mabasi vya wilaya hii, ni vingapi ambavyo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia peke yake? Katika mitaro iliyochimbwa mwaka huu, ni mingapi iliyowekewa kivuko chenye mteremko badala ya ubao mmoja wa kurukia? Makampuni yanayotumia kituo cha wilaya yamepewa sharti gani juu ya nauli ya msindikizaji na ya baiskeli ya mlemavu? Na walemavu wenyewe waliulizwa kabla ya ramani kuchorwa, au waliitwa siku ya kukata utepe?

Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi. Tangu mwaka 2006 wilaya za Rwanda zimekuwa zikitia sahihi ahadi za utendaji ziitwazo imihigo, na meya huhukumiwa kwa yale aliyoyaahidi. Jambo lililoandikwa katika imihigo lina mwenyewe, tena lina tarehe. Usafiri wa mlemavu ukiandikwa humo kwa hesabu, vivuko kadhaa na vituo kadhaa, meza zile mbili zitalazimika kuwa meza moja.

Umuhimu wake umeongezeka kwa sababu ya nauli. Mwezi Machi 2024 serikali ya Rwanda iliondoa ruzuku iliyokuwa ikiwapunguzia abiria mzigo wa nauli tangu wakati wa korona. Kila abiria aliuona uzito huo. Lakini kwa anayelipia msindikizaji na baiskeli, uzito huongezeka maradufu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 3.4 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi nchini Rwanda wana ulemavu. Hao si watu wachache wa kuachiwa huruma ya kondakta.

Ndugu wasikilizaji, askari ana sehemu gani katika jambo hili? Sehemu yake ni kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa yeye ndiye serikali inayoonekana barabarani. Sheria ya Kigali, kwa mlemavu wa Nengo, huwa ni uso wa askari anayekutana naye. Askari wa usalama barabarani anapolisimamisha basi hukagua breki, matairi na idadi ya abiria. Hayo ni sawa kabisa. Lakini akimwona mlemavu ameachwa kituoni na viti vipo, naye asiulize neno, dereva hujifunza kwamba kosa hilo si kosa. Akiuliza mara moja tu, habari hufika kwa madereva wote kabla ya jioni.

Vivyo hivyo kwa askari wa mpakani. Mzigo ulio juu ya baiskeli ya mlemavu ni mzigo kama mingine, na magendo ni magendo hata yakibebwa na nani. Ukaguzi ni haki ya serikali. Lakini kumshusha mtu asiye na miguu akae mavumbini ili chombo chake kipekuliwe ni jambo ambalo hakuna kanuni ya kijeshi inayoliamuru. Mkaguzi hodari hukagua mzigo bila kumvunjia mtu heshima.

Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wananchi wa Rwanda wanapotoka kwa kazi ya umuganda, askari hutoka pamoja nao. Kivuko cha zege juu ya mfereji mmoja ni kazi ya asubuhi moja, ikiwa yupo aliyeonyesha mapema ni mfereji upi.

Liko jambo moja la mwisho ambalo askari hana budi kulikumbuka. Siku ile ile ya tarehe 20 Januari 2007 ilipotolewa sheria ya walemavu, ilitolewa nyingine, namba 02/2007, ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliolemaa vitani. Sheria hizo mbili zilizaliwa siku moja, nazo zinafuatana kwa namba. Mmoja wa watu wanaosubiri kando ya barabara yawezekana alikuwa mtu wa gwaride, aliyepita mahali hapo hapo kwa miguu yake, bunduki begani. Kabla hujafa hujaumbika. Anayemfungulia mlemavu njia leo hajui anamfungulia nani kesho.

Kwa hiyo baraza la wilaya na liulize, meya na aandike, kampuni na itii, na askari aliye barabarani aangalie. Siku mama wa Nengo atakapokwenda hospitali na kurudi kwa nauli moja kama jirani yake, ndipo itakaposemwa kwamba sheria ya mwaka 2007 imefika Nengo.