Joto Tulilonunua Linatorokea Wapi?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama

Akina mama, na ninyi akina baba wachache mliokaa pale nyuma, hatukuja kuwafundisha kupika. Hapa hakuna anayehitaji somo hilo. Tumekuja na swali moja tu. Mama akinunua mkebe wa makaa, au akizunguka nusu siku akitafuta mzigo wa kuni, je, joto lile lote linaingia katika chakula? Na lile lisiloingia, linakwenda wapi?

Joto lina tabia moja: daima hutoka penye moto kwenda penye baridi. Kinachotofautiana ni mwendo wake. Katika chuma na aluminiamu hupita upesi. Katika mti, udongo uliochomwa, nguo na nyasi kavu hupita polepole. Watoto wetu hurudi kutoka shule wakiviita vile vya kwanza "kondakta", na mama anadhani ni habari za matatu. Kwa Kiswahili ni vipitishi, na vile vya pili ni vihami.

Hebu jaribuni jambo hili asubuhi. Chukua jembe lililolala nje, uguse chuma, kisha uguse mpini. Chuma ni baridi zaidi, si ndiyo? La, sivyo. Vyote viwili vimelala pamoja na baridi yao ni moja. Ila chuma hunyang'anya mkono wako joto haraka, na mti hauna haraka. Ndiyo sababu mwiko ni wa mti, na sufuria hushikwa kwa kitambaa. Lakini kitambaa kiwe kikavu! Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kitambaa kilicholowa kitakuchoma ukiwa katikati ya nyumba na sufuria ya uji mikononi, mtoto akitambaa miguuni pako.

Sasa tuje kwenye jiko. Jiko la bati tupu hupasha sufuria, na hupasha pia ukuta na miguu ya mpishi. Mapema katika miaka ya 1980 mafundi wa hapa Kenya walianza kutengeneza jiko la kauri, wakifuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Ndani ya bati waliweka ganda la udongo uliochomwa, joto lisipenye upesi kwenda pembeni. Likitumiwa vizuri huokoa kama theluthi moja ya makaa, pengine hata nusu. Ganda likipasuka na vipande kuanguka, lipeleke kwa fundi, maana umerudi kwenye bati tupu.

Hata hivyo jambo letu kubwa leo ni hili. Maharagwe yakishachemka, moto unaendelea kufanya kazi gani? Mtasema unayaivisha. Haya, tufikiri pamoja. Maji yakichemka hayazidi kupata moto, hata ukiongeza kuni tatu. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa ni juu, karibu nyuzi 95. Kuni zile tatu huongeza mvuke tu. Basi tangu yachemke mpaka yaive, kazi kubwa ya moto ni kulipia joto linalotoroka, kama mtu anayejaza mtungi uliotoboka. Tukiziba tundu, kuna haja gani ya kuendelea kuteka? Na msichana anayekaa jioni nzima akichochea moto huo ndiye yule yule anayeulizwa kesho yake kwa nini hakumaliza hesabu.

Kuziba tundu ni kazi ya kikapu. Sufuria ya aluminiamu, ambayo hupitisha joto upesi kuingia, hupitisha upesi vilevile kutoka. Kwa hiyo tunaivika nguo. Chukua kikapu kikubwa, ukitandaze ndani nyasi kavu, majani makavu ya ndizi, au vipande vya blanketi kuukuu, unene wa inchi nne pande zote na chini, kisha ushone mto wa kufunika juu. Usishindilie sana, kwa sababu kihami chenyewe hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nyasi. Zikilowa, zianikwe juani kabla ya kutumika tena.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe. Yachemshwe kwa nguvu nusu saa. Hapa tafadhali tusikilizane: maharagwe mekundu yana sumu ambayo haivunjiki mpaka yatokote sawasawa dakika 10 au zaidi, na kuyapasha vuguvugu tu kwaweza kuizidisha. Mwenye haraka akayatia kikapuni kabla hayajatokota atawatapisha watoto. Yakishatokota, funika, futa chini ya sufuria pasibaki kaa lolote linalowaka, tia kikapuni mara moja, na usifunue kuchungulia. Sufuria iwe imejaa, maana chakula kidogo hupoa upesi. Baada ya saa tatu au nne toa, onja, yachemshe tena ndipo upakue. Yasilale humo usiku kucha, kwani chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana.

Mchele nao hufaa sana, dakika tano motoni na kama saa moja kikapuni. Ugali na chapati, hapana. Anayewaambia kikapu hupika kila kitu anataka kuwauzia kikapu.

Mama mmoja ameuliza habari za nyumba ya mabati. Ni mambo yale yale: dari ya makuti au ya maboksi, ikiacha nafasi ya hewa chini ya bati, hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Lakini iwe mbali na moto na taa.

Jumamosi ijayo kila kikundi kije na kikapu kimoja, gunia la nyasi zilizokauka vizuri, na blanketi ambalo halitamaniwi tena na mtu. Sindano na uzi tutaleta sisi. Na awepo mmoja wenu atakayeloweka maharagwe Ijumaa usiku, kilo mbili hivi, ili tuyachemshe hapa hapa kabla ya kuanza kushona.