Karatasi ya Kihamba: Isome Kabla ya Kutia Dole

Wanafunzi wetu wa madarasa ya watu wazima, natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno manne ya leo: kihamba, mpaka, mirathi, shahidi. Asiyeyaona vizuri na asogee mbele.

Somo letu ni la mwezi wa Desemba. Ninyi mnaokaa Marangu, Kibosho, Machame, Uru na Rombo mwajua jinsi mlima unavyojaa watu mwezi huo. Mabasi yatoka Dar es Salaam yamejaa, na tangu Desemba 2019 garimoshi la abiria nalo limerudi Moshi, baada ya miaka mingi ya reli kukaa kimya. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zafunguliwa madirisha. (Nyingine ni kubwa mno, nami sijaelewa bado kwa nini nyumba ya kulala siku kumi ikatiwe migomba arobaini.) Mbuzi wachinjwa, mbege yapikwa, watoto waonyeshwa makaburi ya babu zao.

Lakini Desemba ni mwezi wa ardhi vilevile. Ndugu wote wapo, kwa hiyo ukoo waweza kukaa kikao. Wenye fedha wamekuja nazo, na madalali wanalijua jambo hilo. Tena Januari inakaribia, na Januari ina mahitaji ya shule: sare, madaftari, viatu. Hapo ndipo mtu huletewa karatasi jioni, watu wamekwisha kunywa, akaambiwa: "Mama, tia dole hapa tu, mgeni wetu anasafiri kesho."

Haya, tuisome karatasi ya namna hiyo. Mwalimu, iandike ubaoni. Wanafunzi, someni polepole pamoja nami:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini nimeuza sehemu ya shamba langu. Nimepokea fedha yote. Mipaka inajulikana. Sina madai."

Ni maneno machache, na kila mmoja wenu aweza kuyasoma. Sasa tuyaulize maswali.

"Mimi." Mimi ni nani? Hakuna jina. Wala jina la anayenunua halimo. "Sehemu ya shamba." Sehemu ipi, ya juu au ya chini? Hatua ngapi kwa hatua ngapi? Shamba liko kijiji gani? "Fedha yote." Ni kiasi gani? Kiasi hakina budi kuandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia, maana tarakimu moja ya sifuri huongezwa kwa kalamu upesi sana. Na ikiwa umepewa nusu tu, nusu nyingine ikaahidiwa Pasaka, basi neno "yote" ni uongo, nawe ndiwe uliyeutilia dole.

"Mipaka inajulikana." Hapa nitakaa kidogo. Inajulikana na nani? Wazee wetu waliweka mipaka kwa masale, na kila jirani alijua sale lile lilipandwa na nani. Lakini sale huweza kung'olewa usiku, na mzee aliyelijua hufa. Karatasi itaje majirani wa pande zote nne kwa majina. Itaje mfongo wa maji upitao, na nani ana haki ya kuelekeza maji yake. Itaje njia: je, baada ya kuuza, wewe uliye nyuma utapita wapi na ndoo yako? Itaje makaburi. Katika kihamba wamelala wazazi, na mnunuzi asiye wa ukoo huenda akajenga ukuta. Mambo hayo yakiandikwa mapema, ni mistari mitatu tu. Yasipoandikwa, ni kesi ya miaka mingi.

Sasa turudi kwenye lile neno "mimi", maana ndilo zito kuliko yote. Tuseme yuko mama mjane, na kihamba kilikuwa cha marehemu mumewe. Shemeji anauza kwa sababu ni mwanamume wa ukoo. Au kijana mkubwa anauza kwa sababu ni wa kwanza, naye wa mwisho anakataa, kwa kuwa kwa desturi ya Wachaga nyumba ya baba humwendea kitinda mimba. Nani kati yao aweza kuandika "mimi nimeuza"? Hakuna hata mmoja, mpaka mirathi ifunguliwe.

Mirathi hufunguliwa hivi. Ukoo hukaa, humpendekeza mtu, na maneno ya kikao huandikwa. Karatasi hiyo huitwa muhtasari. Kisha mtu yule huenda Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo imteuayo kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mwenye mali! Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, na ndani ya miezi minne hupaswa kuipa mahakama orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Kwa hiyo, mama, kikao cha Desemba kikikaa, kaa nacho. Muhtasari ukiandikwa, uombe usomwe kwa sauti, kisha uusome mwenyewe.

Wengine watasema mwanamke hana neno katika ardhi ya ukoo. Waambie kwa upole kwamba sheria husema vingine. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka upande wa Bukoba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuitumia na kuifanyia mapatano, na kwamba desturi imnyimayo haki hiyo haina nguvu. Hata mume aliye hai haruhusiwi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Hiyo ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo humfunga mke vilevile.

Labda mwauliza: ardhi yenyewe ni ya nani? Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, kupinga ardhi isiwe bidhaa ya wenye fedha. Hata leo ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuikalia na kuitumia. Haki hiyo ina thamani, nayo huandikwa: kijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo huweza kutolewa kwa mtu mmoja au kwa jamaa nzima. Kwa hiyo mauzo yasiyopita kwa halmashauri ya kijiji ni mauzo ya gizani, hata kama yamefanyika mchana mbele ya ndafu.

Ninyi wa mjini, wa Majengo, Njoro na Pasua, sijawasahau. Mpangaji asafiriye kwenda mlimani asiache kodi kwa mdomo. Adai stakabadhi yenye jina, tarehe na miezi iliyolipwa.

Kazi ya juma hili: chora kihamba chako, au chumba chako, katika daftari. Kila upande andika jina la jirani. Onyesha mfongo, njia na makaburi. Kisha umwite jirani mmoja aliye mzee kuliko wewe, umsomee uliyoandika, naye aseme ni kweli au si kweli. Akisahihisha jambo, lifute na uandike upya. Juma lijalo tutasoma stakabadhi. Kwa herini.