Uchambuzi: Nani atengeneze sili za migodini?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tugeukie kipuri kimoja: sili za mashine za kuchoronga miamba.

Kwenye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi kama Bulyanhulu, mashine ya haidroliki hugonga mwamba makumi ya mara kwa sekunde moja. Ndani yake kuna sili, yaani pete za mpira na plastiki ngumu zinazozuia oili isivuje wala kuchanganyika na maji ya kusafishia tundu. Zikichakaa, maji huingia kwenye oili, pistoni hukwaruzika, mashine husimama. Na fundi je? Oili yenye presha kubwa ikichomoka kwenye upenyo mdogo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo, kumbe linahitaji upasuaji wa haraka.

Sasa, hili linakuhusuje wewe? Mashine ikisimama, dhahabu haitoki, na mrabaha wa serikali unachelewa.

Kwa upande mmoja, migodi ina haki ya kudai sili za kiwanda kilichounda mashine, maana kipimo kikikosewa hata kidogo, hasara ni kubwa. Kwa upande wa pili, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinazipa bidhaa za ndani kipaumbele. Naziunga mkono. Lakini bila maabara za kupima mpira, mzawa atabaki dalali wa maboksi kutoka nje, na hilo linaniuma.

Je, nani aanze: mgodi kutoa oda ya uhakika, au kiwanda cha ndani kuthibitisha ubora kwanza?