SAFARI YA MWALIMU UGENINI NA FAIDA YAKE KWETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Liwatoni, Mombasa)



Kwanza twatoa shukrani kwa kupewa nafasi hii kabla ya hesabu ya mwaka kusomwa. Sisi si walimu. Kazi yetu ni ukarani, na elimu tuliyo nayo ni ile tuliyoipata katika shule ya sekondari ya misheni. Basi haya tutakayoyasema twayasema kama watu waliofundishwa, na kama wazazi ambao watoto wao wamo mikononi mwa walimu kila siku. Tukikosea, tuko tayari kusahihishwa.

Wanachama watakumbuka ya kwamba katika mkutano uliopita palitolewa shauri kuwa sehemu ya akiba yetu ya elimu itumike kumsaidia mwalimu mmoja wa mtaa wetu kwenda nchi ya kigeni, akae huko, ajifunze namna wenzetu wafundishavyo. Shauri hilo lilitugawanya. Mzee wetu mmoja alisimama akauliza: "Fedha hizi ni karo za mayatima. Mwalimu akirudi na koti jipya, yatima atavaa nini?" Tulicheka sana siku ile, lakini swali lenyewe halikujibiwa. Leo twataka kujaribu kulijibu, maana ni swali la haki.

Hapa Liwatoni twaziona meli zikipita kuingia Kilindini. Sisi makarani wa bandarini hukutana na mabaharia waliofika miji arobaini na zaidi. Lakini mwulize baharia habari za miji hiyo, naye aghalabu atakutajia lango la bandari, duka lililo karibu na lango, na nauli ya teksi. Hatumlaumu, maana ndiyo kazi yake. Twasema tu kwamba kufika ni jambo moja, na kukaa ni jambo jingine.

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulitumia neno hili kumstahi mgeni mvivu ili aondoke. Lakini lina mafundisho mengine. Mgeni wa siku mbili huketi barazani, huletewa kahawa, na kila aonyeshwacho ni kizuri. Mgeni wa siku ya tatu huingia shambani. Hapo ndipo aujuapo udongo, na ndipo mwenyeji naye amjuapo mgeni wake. Safari ya mwalimu tunayoitetea leo ni ile ya siku ya tatu. Mwalimu aendaye kutembezwa shule kumi kwa juma moja, akapigwa picha mbele ya kila mlango, huyo angali barazani.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisafiri Hadhramaut kutafuta elimu, akafika Istanbul, Cairo na Makka, kisha akarudi Unguja akawa kadhi na mwalimu wa walimu hadi alipofariki mwaka 1925. Mwenzake, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut, naye akaketi Unguja akifundisha hadi alipofariki mwaka ule ule wa 1925. Na kwa hao wawili alikwenda kijana wa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Alivuka kwenda Unguja, akakaa mbele ya walimu hao, akarudi kwao. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwafundisha watu wa mji wake kwa maandishi. Na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sisi tuliosoma misheni hatuoni haya kuwataja masheikh hawa, kwa sababu elimu ya mji ni mali ya watu wote wa mji.

Wanachama na watazame mambo mawili katika habari hizo. La kwanza, Sheikh Al-Amin hakuhitaji kufika mbali. Elimu iliyovuka bahari aliikuta Unguja. La pili, wote walikaa ugenini kama wanafunzi, ingawa baadhi yao walikuwa tayari ni watu wa elimu na heshima. Mtu mzima akikubali kukaa tena chini, asijue neno lililosemwa, aogope kuuliza, huyo hujifunza jambo ambalo kitabu hakimpi: huijua tena hali ya mtoto wa kiti cha nyuma. Nasi twaamini ya kwamba hiyo ndiyo faida kubwa ya safari. Mwalimu aliyesahau ugumu wa kutojua, si rahisi amhurumie asiyejua.

Wapo pia walimu wetu waliokwenda ugenini kufundisha. Amur bin Nasur wa Unguja alikwenda Berlin mwaka 1891, akawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, naye aliandika habari za maisha yake huko. Leo njia hiyo ni pana zaidi. Walimu vijana wa Kenya na Tanzania huenda Marekani kwa mpango wa Fulbright, wakakaa mwaka mzima wa masomo katika vyuo vikuu, wakisaidia kufundisha Kiswahili huku nao wakisoma. Aliyekuwa akiisema lugha hii bila kuifikiri hulazimika kueleza kwa nini twasema "mtu mzuri" lakini "kitu kizuri". Akirudi, hufundisha Kiswahili akiwa na macho mapya.

Sasa tuje kwenye hofu za wazee, kwa maana zina msingi. Hofu ya kwanza ni kwamba safari humtoa mwalimu darasani. Ni kweli yametukia. Peter Mbiyu Koinange alikwenda Marekani mwaka 1927, akasoma Hampton, kisha Ohio, kisha Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi mwaka 1938 hakukaa na elimu yake nyumbani. Mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri, naye ndiye aliyekiongoza. Lakini siasa ya nchi ilimwita, na chuo chenyewe kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952. Julius Nyerere, mwalimu wa Tabora, alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 akafundisha Pugu, na kufikia mwaka 1955 alikuwa ameacha shule kwa ajili ya siasa. Hatuwezi kusema nchi zilipata hasara kwa watu hao. Lakini mtaa ulio na mwalimu mmoja wa hisabati wapaswa kuliangalia jambo hili kwa makini.

Hofu ya pili ni kwamba aliyoyaona ugenini hayatafaa hapa, kwa kuwa shule za huko zina vyombo nasi hatuna. Kwa hofu hii tuna mfano wa karibu. Mwaka 1998 serikali yetu pamoja na shirika la Japani liitwalo JICA zilianzisha mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ujulikanao kwa jina la SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa, kisha ukaenea nchi nzima. Wakufunzi wa Kenya walipelekwa Japani, na wengine Ufilipino na Malaysia. Huko Japani walimu wana desturi ya siku nyingi. Walimu kadhaa hukaa pamoja wakatayarisha somo moja. Mmoja wao hulifundisha, na wenzake husimama pembeni ya darasa wakiwatazama wanafunzi zaidi ya kumtazama yeye: nani ameelewa, nani amekwama, na amekwama wapi. Kisha hulizungumza somo lile bila kuoneana haya, wakalirekebisha, na mwingine akalifundisha upya.

Wanachama, desturi hiyo yahitaji chombo gani? Yahitaji mlango wa darasa ulio wazi na moyo usioona haya. Katika mpango huo walimu wetu walihimizwa pia kutengeneza vifaa vya majaribio kwa vitu vinavyopatikana karibu nao. Na baada ya miaka michache walimu wa nchi nyingine za Afrika wakaanza kuja Nairobi kujifunza kwetu. Aliyekwenda akiwa mwanafunzi akawa mwenyeji.

Tufanye sasa hesabu ya karani. Mwalimu mwenye darasa la watoto arobaini, na miaka ishirini ya kazi mbele yake, atakutana na watoto mia nane, hata kama kila mwaka atafundisha darasa moja tu. Kwa hesabu hiyo safari ni rahisi. Lakini hesabu ya karani haimlipii yatima karo ya muhula huu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani Jumatatu hawezi kuambiwa angoje mwalimu arudi kutoka ng'ambo. Kwa hiyo sisi tulioliunga mkono shauri lile mwaka jana, leo twakiri ya kwamba tulikosea katika jambo moja: fedha za karo zisiguswe.

Je, tumeliacha shauri? La. Katika mtaa wetu alikuwapo mwalimu aliyeitwa kwenda kusoma ng'ambo, na nauli ingelipwa na waliomwalika. Hakwenda. Pasi ya kusafiria hakuwa nayo, fomu zilikuwa nyingi, mama yake alikuwa mgonjwa na hakuna wa kumtazama. Siku zikapita, na nafasi ikachukuliwa na mwingine. Hakuja kwetu kuomba msaada, wala sisi hatukwenda kumwuliza. Kilichomzuia kilikuwa kidogo kuliko gharama ya arusi moja ya kawaida. Jambo hilo latuuma hata leo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano mashauri haya manne.

Kwanza, liwekwe sanduku la peke yake kwa safari za walimu, nalo lijazwe kwa mchango wa hiari, mbali na akiba ya karo.

Pili, sanduku hilo lisilipe nauli za ndege. Lisaidie yale madogo yanayomkwamisha mwalimu aliyekwisha kupata nafasi: pasi, vyeti, nguo za baridi, na matunzo ya wazee wake akiwa hayupo. Fomu na barua tuachieni sisi makarani. Kalamu tunazo, wala hatutadai malipo.

Tatu, tuanze karibu. Mwalimu na aende Unguja au Tanga wakati wa likizo yetu, shule za huko zikiwa wazi, kwa ruhusa ya wakuu wa pande zote mbili. Akae na jamaa ya mwalimu mwenzake, aingie darasani kila siku, afanye kazi. Nasi tuwe tayari kumpokea wa kwao majumbani mwetu, maana mwenye kutaka jembe la mwenzake hana budi kutoa lake.

Nne, kila asaidiwaye aje mbele ya wazee mara mbili. Kabla ya kwenda, aseme ni jambo gani limshindalo darasani ambalo anakwenda kulitafutia dawa. Akirudi, aseme amepata nini. Kisha aufungue mlango wa darasa lake, walimu wenzake waingie watazame, kwa muda usiopungua miaka miwili.

Mzee wetu aliuliza yatima atavaa nini. Karo yake italipwa kama kawaida, na sare yake atavaa. Lakini akiisha kuvaa, ataketi mbele ya mwalimu kutwa nzima, na hapo karo yetu haiwezi tena kumsaidia. Huyo mwalimu ndiye tunayemsemea leo.

Twawaomba Wazee wayafikiri mashauri haya, na wanachama wayapigie kura kabla ya kufunga mkutano. Mungu atujalie umoja na subira.