Ushahidi Ulio Mikononi Mwetu

Masomo: Kutoka 20:16, Kumbukumbu la Torati 19:15-19, Yakobo 3:1-12

  Ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio vitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Tuanze kwa kuulizana swali moja dogo. Leo ulipofumbua macho, mkono wako ulishika nini kwanza? Wengi wetu, tukisema kweli, tutajibu kwamba tulishika simu. Kabla ya kuomba, na kabla ya kuwaamkia walio nyumbani, tulikuwa tumekwisha kusoma habari za watu kumi, na pengine tumekwisha kuzipeleka kwa wengine kumi.

Zamani habari ilitembea kwa miguu. Ilitoka sokoni, au kisimani, au barazani kwa chifu, ikaletwa na mtu tuliyemjua. Tuliweza kumwuliza, "Je, wewe ulikuwako? Uliona kwa macho yako mwenyewe?" Naye akijikuna kichwa, tulijua kwamba habari hiyo ni ya kupokewa kwa uangalifu. Siku hizi habari yaingia mfukoni bila kubisha hodi. Hatumjui aliyeianzisha, wala hatumwoni usoni. Lakini twaiamini, na kabla chai haijapoa tumekwisha kuipeleka mbele.

Ndugu msikilizaji, amri ya tisa yatukataza kumtolea jirani ushahidi wa uongo. Labda umezoea kufikiri kwamba amri hiyo ni ya watu waendao mahakamani. Lakini katika Israeli ya kale wazee walikaa langoni pa mji kuamua mashauri, na neno la shahidi liliweza kumpotezea mtu shamba lake, heshima yake, hata uhai wake. Ndiyo sababu Torati yasema kwamba shahidi mmoja hatoshi. Sharti wawe wawili au watatu. Tena waamuzi waliagizwa wachunguze kwa bidii, na shahidi akionekana kuwa mwongo, atendewe yale aliyokusudia kumtendea ndugu yake.

Basi tazama mambo yalivyo leo. Simu ya mkononi imemfanya kila mmoja wetu kuwa shahidi akaaye langoni. Mama muuza mboga ni shahidi. Kijana wa bodaboda ni shahidi. Mzee wa kanisa ni shahidi. Twasema neno, nalo lasikiwa na mji mzima. Mungu atatuuliza tuliutumiaje ushahidi huo.

Sisi Wakenya tunayajua madhara yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliingia gizani. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika kwamba watu 1,133 walikufa. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Siku ya kwanza ya mwaka 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, na wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Siku hizo watu wengi walikuwa bado hawajaijua mitandao ya kijamii, lakini ujumbe mfupi wa simu ulikuwa umekwisha kuenea, na maneno ya chuki yalipita humo kutoka mkono hadi mkono. Wala sisi wa redio hatuwezi kujitoa, kwa maana vituo vingine vya redio navyo vililaumiwa kwa kuchochea. Yakobo asema kwamba ulimi ni kiungo kidogo, lakini kama vile cheche moja, waweza kuteketeza msitu mkubwa. Sisi tuliuona msitu huo ukiwaka.

Lakini sikilizeni jambo jingine lililotokea wakati ule ule. Mwezi wa Januari 2008, Wakenya wachache wenye ujuzi wa kompyuta walishikana wakatengeneza mahali katika intaneti ambapo mtu yeyote aliweza kutuma habari ya yale aliyoyaona: hapa nyumba imechomwa, pale watu wanahitaji msaada. Habari hizo ziliwekwa juu ya ramani ili kila mtu aone. Nao wakaiita kazi hiyo Ushahidi. Miaka miwili baadaye, nchi ya Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi mwezi wa Januari 2010, chombo hicho kilichozaliwa katika machozi ya Kenya kilitumiwa huko kuonyesha mahali waathiriwa walipohitaji kusaidiwa.

Wapendwa, simu zilikuwa zile zile. Mwezi ulikuwa ule ule. Mkono mmoja ulituma chuki, na mkono mwingine ulituma kweli. Basi ubaya haukuwa katika chombo. Yakobo auliza kama yawezekana chemchemi moja kutoa maji matamu na maji machungu. Swali hilo latuhusu sisi tunaoshika chombo.

Tuwape mfano wa maji matamu. Huko Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru, palikuwa na chifu aliyeitwa Francis Kariuki. Chifu huyu alianza kutumia mtandao wa Twitter, ambao siku hizi huitwa X, kuwapasha watu wake habari. Hata wenye simu za kawaida waliweza kuzipokea kama ujumbe mfupi. Usiku mmoja, yapata saa kumi, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Chifu akaandika maneno machache, akayatuma. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakakimbia. Mwaka 2012 habari zake zilikuwa zimekwisha kuenea katika nchi za mbali.

Tena chifu huyo alitangaza habari za kondoo aliyepotea. Alieleza rangi yake, na kamba iliyokuwa shingoni mwake, na kondoo akapatikana. Sisi tunaoijua sura ya 15 ya Injili ya Luka, habari hiyo yatugusa moyo. Bwana wetu alimsifu mchungaji amtafutaye kondoo mmoja mpaka amwone. Je, simu yako imewahi kumtafuta aliyepotea? Au kazi yake ni kuwatawanya walio zizini?

Mwaka 2011, ukame ulipowatesa ndugu zetu wa kaskazini, mchango ulioitwa Kenyans for Kenya ulitangazwa katika redio, televisheni, magazeti na mitandao. Watu walituma fedha kwa M-Pesa, mwenye kingi kingi, mwenye kidogo kidogo. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, nalo lilipitwa. Hapo wengi walipata kujua kwamba ndugu wa Turkana ni wao, ingawa hawajamwona.

Na mwaka 2024, mwezi wa Juni, vijana wetu walitushangaza. Waliuchukua Mswada wa Fedha, wakausoma, wakaueleza katika mitandao kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, hata mama wa kijijini akaelewa kodi inayomngoja. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na damu ya vijana ikamwagika. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Watu waliowahi kusema kwamba vijana hawajali mambo ya nchi walinyamaza. Lakini tuseme kweli yote: siku zile zile mitandao ilibeba pia matusi na vitisho, na namba za simu za watu zikaanikwa hadharani. Maji matamu na maji machungu yalitoka katika chemchemi moja.

Sasa tusiwanyoshee kidole wanasiasa na vijana peke yao. Nyani haoni kundule. Yafaa sisi tunaowaletea maongezi haya tuungame kosa letu.

Katika usharika wetu palikuwa na kundi la WhatsApp la wakristo, la kutangaziana ibada, misiba na harusi. Wakati huo tulikuwa tukichanga fedha za mabati ya kanisa. Jumamosi moja usiku mtu mmoja alituma picha ya stakabadhi ya duka, na chini yake akaandika: "Fedha nyingine ziko wapi?" Hakutaja jina la mtu. Lakini kila mmoja alijua mweka hazina ni nani. Alikuwa mama mjane aliyeshika kazi hiyo miaka mingi. Kabla ya saa nne za usiku maswali yalikuwa yamegeuka kuwa majibu, na majibu yakageuka kuwa hukumu. Sisi tulisoma yote. Wengine wetu tuliweka alama ya kushangaa. Wengine tuliipeleka picha ile kwa rafiki mmoja tu, tukimwambia ni siri. Asubuhi mama yule alikuja kanisani kama kawaida, akakaa peke yake kwenye benchi lake.

Jumanne wazee walikaa na vitabu vya hesabu. Stakabadhi zilikuwa mbili, na picha ilionyesha moja. Shilingi zote zilikuwapo. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa mbele ya kanisa, likachukua muda usiofika dakika moja. Lakini picha ile ilikuwa imekwisha kufika katika makundi mengine, mpaka kwa jamaa zake walioko mbali, na huko hakuna aliyesoma tangazo.

Wawili wetu tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitupokea vizuri, akatupikia chai. Tulipomaliza kusema tuliyokuwa nayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimewasamehe. Lakini ninyi wote mlikuwa na namba yangu. Mbona hakuna hata mmoja aliyenipigia?"

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu. Mama yule angali akiabudu pamoja nasi, lakini kazi ya hazina hakuishika tena.

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo matatu, nasi twapenda kuwagawia.

La kwanza, tuulize shahidi ni nani. Ujumbe mmoja ukipita katika simu mia, watu hudhani wamepata mashahidi mia. Sivyo. Huyo ni shahidi mmoja aliyepita katika milango mia, na huenda hakuona lolote. Torati yataka wawili au watatu walioona. Kama hujui ni nani aliyeona, weka simu chini. Na siku hizi ambapo mashine zaweza kutengeneza picha ya mtu na hata sauti yake, hatuna budi kuchunguza zaidi kuliko baba zetu. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa, je, ujumbe usio na jina usichunguzwe?

La pili, tumwendee ndugu yetu kwanza. Katika Mathayo sura ya 18 Bwana Yesu alitupa utaratibu: ndugu yako akikosa, nenda ukaseme naye mkiwa ninyi wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili, na mwisho ndipo kanisa liambiwe. Sisi twaupindua utaratibu huo. Twaanza kwa kuuambia ulimwengu, kisha kanisa, na mwenyewe husikia wa mwisho. Hatusemi kwamba maovu yafichwe. Mwizi wa mali ya umma au mwenye kumdhuru mtoto lazima ashtakiwe kwa wenye mamlaka. Lakini kushtaki kwa ushahidi ni jambo moja, na kumchoma mtu kwa uvumi ni jambo jingine.

La tatu, tukikosa, turudishe. Zakayo hakusema tu kwamba amejuta. Aliahidi kurudisha mara nne. Kama ulituma uongo katika makundi matatu, basi kweli nayo ipeleke katika makundi hayo matatu, kwa jina lako, bila kujitetea. Yaumiza, lakini ndiyo toba.

Wala tusiogope mitandao hata tukaikimbia. Wazee, tusiwaambie vijana watupe simu zao. Tukae nao tuwafundishe kupima maneno, nao watufundishe kuandika. Kundi la kanisa na litangaze mgonjwa anayehitaji damu, mtoto aliyepotea, mwanafunzi aliyekosa karo, mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti ya kaunti. Mwenye ukweli asinyamaze, kwa maana mahali penye kimya cha wakweli, waongo hupaza sauti.

Basi leo, kabla ya kutuma neno lolote juu ya mtu, simama kidogo. Namba yake unayo. Mpigie.

Tuombe. Ee Mungu wa kweli, wewe uliyetupa ulimi ili tukusifu na mikono ili tusaidiane, utusamehe maneno tuliyoyatuma kwa haraka, na yale tuliyoyasoma tukanyamaza. Uwaponye wote waliojeruhiwa na ushahidi wetu. Uwaongoze vijana wetu wapiganie haki bila chuki. Uilinde nchi yetu ya Kenya, hasa nyakati za uchaguzi, tusiwashe tena moto tuliouona. Utufanye mashahidi waaminifu, kwa ajili ya Yesu Kristo, aliye Shahidi aliye mwaminifu. Amina.