Kompyuta Kuukuu Isiyowaka

Msikilizaji wa Oraba, nawe wa kambi ya Lobule: Kompyuta ikikataa kuwaka, usikimbilie kumlipa fundi. Chomeka taa kwenye soketi ileile. Huenda umeme wenyewe haupo. Umeme upo? Basi sikiliza. Ikilia pii-pii, mara nyingi kibao cha memori, yaani RAM, kimelegea au kimeshika vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha toa kibao. Futa taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, ukirudishe mpaka kibane. Fundi akisema mashine imekufa, usimwachie diski: vyeti ulivyohifadhi huenda bado vimo humo.